Potasiamu imefika 5.7 nikitumia spironolaktoni: je, nihamie saiproteroni?

Msubirivu

Habari zenu wanajukwaa. Huu ni mwezi wangu wa tano katika tiba ya homoni za kike. Kila siku ninameza estradioli (aina ya estrojeni) miligramu 4 pamoja na spironolaktoni, dawa ya kuzuia testosteroni, ambayo nilianza kwa miligramu 100; mwezi wa tatu daktari aliipandisha hadi 200, nusu asubuhi na nusu jioni, kwa kuwa testosteroni yangu ilikuwa bado juu. Kabla sijaanza nilipimwa figo, ini na shinikizo la damu, na hapakuonekana tatizo lolote.

Jana nilichukua majibu ya vipimo vya karibuni. Kwenye mstari wa potasiamu pameandikwa 5.7, na pembeni pana mshale mdogo unaoelekea juu. Kiwango cha kawaida cha maabara hiyo ni kuanzia 3.5 hadi 5.0. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, imepanda kidogo lakini haijavuka mpaka. Testosteroni imeshuka hadi nanogramu 38 kwa desilita, na hilo ndilo jibu nililokuwa nikilisubiri kwa hamu, ndiyo maana nimeumia kuona furaha na hofu zimeandikwa kwenye karatasi moja.

Daktari wangu yuko likizo na miadi yangu ni baada ya wiki mbili. Sijisikii mgonjwa, isipokuwa kichwa huwa chepesi nikiinuka ghafla kitandani, na usiku huamka mara mbili au tatu kwenda haja ndogo. Rafiki yangu mmoja amenipa vidonge 10 vya saiproteroni, kizuizi kingine cha testosteroni, vya miligramu 50, akaniambia kwamba dawa hiyo haina habari ya potasiamu wala ya kukojoakojoa. Naomba ushauri wenu: niendelee na spironolaktoni hadi siku ya miadi, niiache, au nianze hivi nilivyopewa?

Kidani

Dada, wiki mbili ni nyingi mno kwa namba hiyo. Daktari anapokwenda likizo huacha mwenzake wa kumshikia nafasi. Piga simu kliniki leo hii, wasomee jibu kama lilivyoandikwa, na utaje waziwazi kwamba unameza spironolaktoni miligramu 200 kwa siku, kwa sababu anayepokea simu asipolijua hilo anaweza kukupangia siku ya mbali.

Usijipe moyo kwa kuwa hujisikii vibaya. Potasiamu inaweza kupanda kimya kimya, na mara nyingine dalili ya kwanza hutoka kwenye moyo wenyewe. Mapigo yakianza kurukaruka au kwenda polepole isivyo kawaida, misuli ikilegea, pumzi ikawa ya taabu au ukazimia, funga simu uende idara ya dharura ukiwa na karatasi ya majibu mkononi.

Kuhusu kichwa kuwa chepesi, hilo nalijua vizuri. Spironolaktoni ilitengenezwa kwanza kuwa dawa ya kutoa maji mwilini, na inashusha shinikizo la damu hata kwa mtu ambaye shinikizo lake halikuwa na tatizo. Nilipoanza niliwahi kujikuta nimekaa sakafuni bafuni bila kujua nimefikaje pale. Tangu hapo huketi ukingoni mwa kitanda nikahesabu hadi ishirini kabla ya kusimama, na sipitishi siku bila maji ya kutosha.

Jambo lililonichekesha wakati ule ni ile karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi. Imeandikwa kwa ajili ya mgonjwa wa moyo, kwa hiyo kukua kwa matiti kumewekwa kwenye orodha ya madhara, na anayeyaona anashauriwa amweleze daktari. Nilimweleza, naye akatabasamu.

Njiwa Mweupe

Mimi ningehama tu bila kujisumbua. Nimemeza saiproteroni miligramu 50 kila siku kwa miaka sita, testosteroni yangu iko chini kabisa, usiku nalala, na hakuna aliyewahi kunitajia potasiamu. Sioni sababu ya kung'ang'ania dawa ya kukojolesha wakati ipo inayofanya kazi vizuri zaidi.

Mfamasia wa Zamu

Msubirivu, naungana na Kidani kuhusu simu ya leo. Ukipiga, waulize waziwazi kama wanataka usimamishe spironolaktoni hadi damu ipimwe tena. Potasiamu ikishavuka 5.5, jibu utakalopewa huenda likawa hilo, na kwa mtu anayeitumia kuzuia androjeni (homoni za kiume) tu, asiye na ugonjwa wa moyo, kuikatisha ghafla kwa siku chache hakuleti hatari. Estradioli hulazimiki kuigusa. Hayo uliyoyapata kifuani na usoni kwa miezi mitano hayatapotea kwa siku tatu bila kidonge.

Vile vidonge vya rafiki yako usivianze kwanza, nitakueleza sababu. Kabla ya hapo nina maswali, na naomba ujibu hata kama unaona hayahusiani. Katika wiki tatu zilizopita umemeza dawa nyingine yoyote, iwe ya daktari, ya kununua mwenyewe au ya kuazima? Umetapika au kuharisha? Unatumia chumvi mbadala, zile zinazouzwa kwa watu wenye shinikizo la damu? Na je, damu yenyewe ilitolewaje siku ile?

Msubirivu

Nashukuru kwa majibu ya haraka. Nimepiga simu. Daktari aliyeshika zamu ameniagiza nisimeze spironolaktoni jioni ya leo wala kesho, na kesho asubuhi niende nikapimwe tena damu na kupigwa picha ya umeme wa moyo.

Kuhusu maswali yako: sikuharisha wala kutapika, na chumvi ninayotumia ni ya kawaida. Ila nilipatwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na kwenye kituo kingine cha afya nikaandikiwa antibayotiki ya vidonge kwa siku saba. Boksi ninalo hapa, limeandikwa trimethoprimu pamoja na salfa. Damu nilitoa siku ya sita. Vilevile mgongo ulikuwa ukiniuma, nikawa nameza ibuprofeni mara tatu kwa siku. Pale kwenye antibayotiki niliulizwa kama nina mzio, nikasema sina. Dawa ninazotumia sikuulizwa, nami kusema kweli sikuzitaja, kwa kuwa nilichoka kueleza maisha yangu kwa mtu nisiyemjua.

Damu ilitolewa kwa taabu. Mshipa haukuonekana, mpira ukafungwa mkononi mpaka vidole vikaanza kufa ganzi, nikaambiwa nikunje ngumi na kukunjua, kunja na kukunjua, na sindano ikaingia mara ya tatu.

Mfamasia wa Zamu

Hapo sasa picha inaanza kueleweka, nami nitakwenda polepole, maana ulichokiandika ndicho hasa kinachowapata watu wanaotumia dawa hii.

Spironolaktoni inazuia homoni iitwayo aldosteroni, ambayo kazi yake ni kuiamuru figo ibakize sodiamu na itoe potasiamu. Aldosteroni ikizibwa mdomo, maji na sodiamu vinatoka, potasiamu inabaki. Uwezo wake wa kuzuia androjeni unapatikana pembeni, kwa kuwa kidonge hicho hicho hukalia pia vipokezi ambavyo testosteroni ingevikalia. Kwa mtu mwenye figo nzima, asiye na dawa nyingine, mwili huwa na nafasi ya kutosha ya kuibeba hali hiyo, ndiyo maana wengi wanafika miligramu 200 na potasiamu yao haitoki kwenye mstari.

Wewe ulikuwa na nyingine mbili. Trimethoprimu nayo huizuia figo kutoa potasiamu, kwa njia tofauti na ile ya spironolaktoni, kwa hiyo zikikutana mlango unafungwa kwa makomeo mawili. Tena trimethoprimu huifanya kreatinini ionekane imepanda kidogo hata kama figo haijaumia, na huenda ndiyo iliyoisogeza yako. Ibuprofeni na ndugu zake, diklofenaki na naproksini, hupunguza damu inayopita kwenye figo, na hilo ni komeo la tatu. Hapo hatujagusa dawa za shinikizo la damu zenye majina yanayoishia na "prili" au "sartani", ambazo pia hupandisha potasiamu na ambazo mtu wa umri mkubwa anaweza kuwa anazimeza miaka mingi bila kuzihesabu kuwa ni dawa. Chumvi mbadala niliiuliza kwa sababu nyingi kati yake zina kloridi ya potasiamu.

Lipo na suala la sindano. Seli nyekundu za damu zimejaa potasiamu. Damu ikivutwa kwa nguvu au ikikaa sana kabla ya kufanyiwa kazi, seli hupasuka na potasiamu yao humwagikia kwenye chupa. Kufunga mpira kwa muda mrefu na kukunja ngumi mara kwa mara nako huitoa potasiamu kwenye misuli ya mkono ule ule unaotobolewa. Kwa hiyo katika 5.7 yako huenda sehemu ni ya kweli na sehemu ni ya chupani. Kesho mwambie mtoa damu yaliyotokea, umwombe asifunge mpira muda mrefu, na mkono uulegeze. Lakini usije ukaitumia habari hii kuikataa namba mbaya ukiwa nyumbani: potasiamu iliyopanda huhesabiwa ya kweli mpaka kipimo cha pili kiseme vinginevyo.

Naelewa uchovu wa kujieleza, na sikulaumu. Kwenye dirisha la dawa, hata hivyo, hudaiwi historia yako. Inatosha kusema, "Natumia spironolaktoni na estradioli." Mfamasia anayejua kazi yake akisikia neno la kwanza, antibayotiki ile angeibadilisha kabla hujauliza.

Sasa saiproteroni. Ni kweli kwamba haipandishi potasiamu na haikojoleshi. Inashusha testosteroni kwa nguvu, kwa kuwa licha ya kukalia vipokezi huiambia pia tezi ya pituitari ipunguze amri za kutengeneza homoni hiyo. Tatizo ni kiasi. Miongozo ya mwaka 2017 ya chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, Endocrine Society, ilitaja miligramu 25 hadi 50 kwa siku; toleo la nane la viwango vya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, la mwaka 2022 limeshuka hadi miligramu 10, kwa sababu ilionekana kwamba, ikiambatana na estrojeni, kiasi hicho kidogo huishusha testosteroni karibu sawa na kile kikubwa. Kidonge kimoja cha rafiki yako ni mara tano ya hapo.

Ina masharti yake pia. Ini hupimwa kabla ya kuanza na wakati wa kuendelea. Prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, huweza kupanda. Wapo wanaoingiwa na huzuni nzito au uchovu usioelezeka. Aliyewahi kuwa na uvimbe wa meninjioma, ambao huota kwenye utando unaofunika ubongo, haruhusiwi kuigusa kabisa. Mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya lilibana matumizi yake kwa sababu ya uvimbe huo, ambao hutokea kwa nadra, lakini uwezekano wake hukua kadiri jumla ya dawa aliyomeza mtu inavyokua. Pamoja na hayo, kidonge ulichopewa mkononi bila boksi hakina namba ya toleo, hakina tarehe ya mwisho wa matumizi, na hujui kilihifadhiwa wapi.

Njiwa Mweupe

Nimesoma hayo mara mbili. Naandika kwa unyenyekevu kidogo kuliko mwanzo. Hakuna aliyeniambia habari ya jumla ya dawa. Nilipewa 50 nilipoanza, kila baada ya miezi mitatu naandikiwa zilezile, na ini mara ya mwisho nilipimwa mwaka juzi. Nimejaribu kupiga hesabu: miligramu 50 kwa siku kwa miaka sita ni zaidi ya gramu 100. Niache leo?

Mfamasia wa Zamu

Hapana, dada, usiache leo peke yako. Aliyeimeza kwa kiasi kikubwa kwa miaka mingi huwa tezi zake za adrenali, zilizo juu ya figo, zimezoea kupunguziwa kazi, na kuikata ghafla kunaweza kumwacha mchovu kupindukia, mwenye kichefuchefu na shinikizo la chini. Weka miadi wiki hii, uende na hesabu hiyohiyo uliyoipiga, uombe ini na prolaktini vipimwe, na mzungumze jinsi ya kushuka. Huenda ukaishia kwenye miligramu 10, au kwenye robo ya kidonge cha 50 kilichokatwa kwa kikata vidonge, ambayo ni 12.5. Mwambie pia daktari kama una maumivu ya kichwa mapya yasiyoisha, kama macho yanaona ukungu au mawilimawili, kama sikio limeanza kuwa zito au harufu zimepotea. Degedege ni la dharura, si la miadi.

Kidani

Njiwa, nina swali ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuulizwa. Je, uliwahi kuondolewa korodani? Mimi nilifanyiwa upasuaji huo, na kwa miezi minne baadaye nikaendelea kumeza spironolaktoni kwa mazoea, mpaka muuguzi mmoja akaniuliza, "Unazuia nini tena?" Sikuwa na jibu. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, mimi bado naweka mlinzi getini.

Njiwa Mweupe

Bado sijafanyiwa. Ila mlinzi getini umenichekesha, na nilikuwa nahitaji kucheka. Miadi nimeweka kwa Alhamisi.

Tumbawe

Samahani kwa kuingilia. Na bikalutamidi, kizuizi kingine cha testosteroni, je? Naona watu wengi wanaisifu kwamba haikojoleshi na haigusi potasiamu.

Mfamasia wa Zamu

Ni dawa ya saratani ya tezi dume iliyoazimwa, na WPATH katika toleo hilohilo la 2022 haipendekezi itumike kama kawaida, kwa kuwa ushahidi wake katika tiba hii bado ni mdogo. Inaweza kuliumiza ini, kwa nadra lakini vibaya, na pia mapafu. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai, au kikohozi kikavu kikija pamoja na kukosa pumzi, inasimamishwa siku hiyohiyo. Hukaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Jambo moja huwapotosha wengi: bikalutamidi inakalia vipokezi tu, haishushi testosteroni, na mtu akipima anaweza kukuta namba imepanda, akaongeza vidonge kwa hofu, ilhali dawa ilikuwa inafanya kazi. Anayeitumia awe na daktari anayelijua hilo.

Finasteridi nayo huchanganywa humu, lakini kazi yake ni nyingine: inazuia testosteroni isigeuzwe kuwa homoni ile kali zaidi inayopukutisha nywele za kichwani. Haitoshi kusimama peke yake.

Tumbawe

Na kumeza kizuizi bila estrojeni, kwa anayetaka kwenda polepole?

Mfamasia wa Zamu

Kwa muda mfupi chini ya daktari, inawezekana. Kwa muda mrefu, mifupa ndiyo inayolipa, kwa sababu inahitaji mojawapo ya homoni hizo mbili, na ukiinyima zote inaanza kupungua uzito. Joto la ghafla mwilini, usingizi mbovu na uchovu huja mapema zaidi. Huwa nawaambia watu kwamba estrojeni yenyewe, ikifika kiwango kinachotakiwa, huishusha testosteroni kwa kiasi kikubwa. Kizuizi kipo kuisaidia, na mara nyingi dozi yake inaweza kupunguzwa kadiri estrojeni inavyokaa sawa. Na kwa kuwa mada hii inasomwa na wanaoanza: vidonge hivi hupunguza mbegu lakini si njia ya kuzuia mimba kwa mwenza, na anayetaka kuhifadhi mbegu azihifadhi kabla ya kidonge cha kwanza.

Msubirivu

Narudi kutoa taarifa, nikiwa nimechelewa siku nne. Picha ya umeme wa moyo ilitoka safi. Potasiamu ya marudio ilikuwa 4.9, na hiyo ilitolewa siku kadhaa baada ya antibayotiki kuisha, mpira ukiwa umefunguliwa mara tu damu ilipoanza kuingia kwenye chupa. Jana, baada ya siku nyingine tatu bila spironolaktoni wala ibuprofeni, ilikuwa 4.4, na kreatinini imerudi ilipokuwa.

Daktari wa zamu amenirudisha kwenye spironolaktoni kwa miligramu 100, zote asubuhi baada ya kula, na usiku wa kwanza nimeamka mara moja tu. Damu itapimwa tena baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi, na baada ya hapo kila miezi mitatu hadi mwaka wa kwanza uishe. Safari hii anataka aione estradioli pamoja na testosteroni kabla ya kuamua kama kuna haja ya kupandisha chochote. Anasema huenda estradioli ndiyo iliyokuwa ndogo tangu mwanzo. Nilimuuliza nifanye nini nikisahau kidonge, akasema niruke, nisubiri cha kesho, nisimeze viwili. Na siku nitakayotapika au kuharisha sana, nisimamishe spironolaktoni nipige simu.

Vidonge vya rafiki yangu nimevipeleka duka la dawa viteketezwe, naye nimemtumia kiungo cha mada hii. Kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho, nimeweka kikaratasi chenye maneno mawili, spironolaktoni na estradioli, pamoja na dozi zake. Jana nilikitoa kwa mara ya kwanza, nilipokwenda kutafuta dawa ya mgongo. Mfamasia alikisoma, akarudisha rafuni boksi alilokuwa ameshalishika, akanipa parasetamoli.